Walikokwenda Mafundi wa Italia

Mwaka 1418 kanisa kuu la Firenze lilikuwa na miaka 122 tangu msingi wake uwekwe, na bado lilikuwa wazi juu. Arnolfo di Cambio alilianza mwaka 1296. Vizazi vya waashi vilikuja na kupita, kuta zikapanda, lakini juu ya madhabahu palibaki tundu la pembe nane lenye upana wa zaidi ya mita 40. Tangu mwaka 1367 mji ulikwishaamua kwamba tundu hilo litafunikwa kwa kuba, tena kuba isiyoegemezwa na mihimili ya nje kama ile ya makanisa ya Ufaransa. Uamuzi ulikuwepo. Mtu wa kuutekeleza alikuwa hajazaliwa.

Shida yenyewe ilikuwa kiunzi. Fundi anapojenga tao huanza kwa kuunda tao la mbao, kisha hupanga mawe juu yake, na mbao huondolewa baada ya jiwe la kufungia kuingia mahali pake kileleni. Bila mbao hizo, mawe ya pande mbili huporomoka kabla hayajakutana. Tundu la Firenze lilianzia zaidi ya mita 50 kutoka chini. Kiunzi cha kulijaza kingemeza msitu mzima, na hata kama msitu ungepatikana, hakuna aliyeweza kuahidi kwamba mbao zenyewe zisingepinda kwa uzito wake. Agosti ya mwaka 1418 likatangazwa shindano: mwenye maarifa ajitokeze.

Filippo Brunelleschi alikuwa na umri wa miaka 41. Hakuwa mwashi, alifunzwa usonara. Mwaka 1401 alikuwa ameshindwa katika shindano jingine kubwa la mji, la milango ya jengo la ubatizo, kazi ikaenda kwa kijana mwenzake Lorenzo Ghiberti. Antonio Manetti, aliyemjua na kuandika maisha yake, anasimulia kwamba baada ya hapo Brunelleschi alikwenda Roma pamoja na mchongaji Donatello. Huko wakawa wanafukua misingi ya majengo ya kale na kupima nguzo zilizolala kwenye majani, hata wenyeji wakawadhania watafuta hazina. Aliporudi alikuwa na jibu ambalo wasimamizi wa ujenzi hawakutaka kulisikia: atajenga kuba bila kiunzi. Manetti anasema siku moja walimtoa nje ya kikao kwa nguvu, wakimwona mwenye wazimu. Akajenga mfano wa matofali, bila kiunzi, wakautazama ukisimama. Mwaka 1420 kazi ikaanza.

Alijenga kuba mbili, moja ndani ya nyingine, ya ndani nene na ya nje nyembamba. Katikati yake ndimo ngazi zinamopita hadi leo, vipandio 463 kutoka chini hadi juu. Ndani ya kuta alificha pete za mawe yaliyobanwa kwa vyuma, na pete moja ya magogo, zilizoizunguka kuba ili isitanuke na kupasuka. Matofali nayo aliyapanga kwa namna ya kipekee: baada ya kila kundi la matofali ya kulala aliweka moja la kusimama. Matofali yale ya kusimama yalipanda kwa mshazari kuizunguka kuba, yakiyashika yale ya kulala yasiteleze kabla ya chokaa kukauka. Kila mzunguko ulipokamilika ulijifunga wenyewe, na mafundi wakasimama juu yake kuanza mwingine. Ili kupandisha mawe alibuni mtambo wa kuvutwa na ng'ombe, wenye meno yaliyoweza kugeuzwa: mzigo ulipanda au kushuka bila ng'ombe kubadili upande wanaozungukia. Giorgio Vasari, aliyeandika karne moja baadaye, anasema hata jiko liliwekwa huko juu, mafundi wapate chakula na divai bila kupoteza muda wa kushuka.

Mwaka 1434, kuba ikikaribia kufungwa, chama cha waashi kilimtia gerezani kwa kuwa hakulipa ada ya uanachama. Wasimamizi wa kanisa wakajibu kwa kumkamatisha kiongozi wa chama, na baada ya siku chache Brunelleschi akaachiwa. Mimi naliona tukio hilo kuwa kubwa kuliko linavyosimuliwa. Kwa karne nyingi jengo lilikuwa mali ya chama, la mafundi wengi wasiotajwa majina. Hapa alisimama mtu mmoja aliyesema kazi hii ni ya akili yangu, na mji ukakubaliana naye. Kuba ilikamilika mwaka 1436.

Lakini kuba haikusambaa. Hakuna mji wa Ulaya uliokuwa na fedha, ujasiri na Brunelleschi kwa wakati mmoja. Kilichosambaa kilianzia umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka hapo, kwenye baraza ya Ospedale degli Innocenti, nyumba ya kulelea watoto waliotupwa. Chama cha wafanyabiashara wa hariri kilimpa Brunelleschi kazi hiyo mwaka 1419. Ni baraza ndefu, nguzo nyembamba za jiwe la kijivu, juu yake matao ya nusu duara, ukuta nyuma yake mweupe. Ukipima urefu wa nguzo utapata umbali ule ule ulio kati ya nguzo moja na nyingine, na umbali ule ule tena kutoka nguzo hadi ukutani. Kila nafasi chini ya tao ni mchemraba. Mtoto akiweza kuhesabu moja, mbili, tatu, anaweza kuelewa kwa nini macho yanatulia pale. Baraza kama hii haihitaji muujiza wowote kuijenga. Inahitaji fundi anayejua kipimo, na kipimo kinaweza kubebwa kichwani.

Wasomi walikuwa na njia yao. Mwaka 1416 Poggio Bracciolini alikuta katika maktaba ya watawa wa St. Gallen, Uswisi, nakala ya kitabu cha Vitruvius, msanifu Mroma wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, na wenye elimu wakakisoma kwa hamu mpya. Leon Battista Alberti akaandika kitabu chake cha ujenzi kwa Kilatini, na mwaka 1485 kikachapwa Firenze. Hata hivyo Kilatini hakimfai mwashi. Vitabu vya kumfaa vilichukua miaka mingine 50 kufika, na kabla ya hapo mtindo huu ulikuwa umeshavuka milima na mito kwa miguu ya watu.

Vitabu vingi vya historia huuita mtindo huu Renesansi, na husema "ilienea" kutoka Italia hadi Ulaya yote, kana kwamba ni upepo. Mimi nataka majina. Kila mahali mtindo huu ulipofika, alikuwepo mfalme aliyetuma barua, fundi aliyefunga mizigo, na waashi wenyeji waliomsubiri wakiwa na mazoea yao, mawe yao na baridi yao.

Wa kwanza kuita alikuwa mfalme wa Hungaria, Matthias Corvinus, aliyemwoa Beatrice, binti wa mfalme wa Napoli, mwaka 1476. Mafundi wa Firenze walifika Buda kujenga jumba lake. Karibu kila kitu kilipotea katika vita vilivyofuata. Kilichosalimika ni kikanisa cha Askofu Mkuu Bakócz kule Esztergom, cha marumaru nyekundu ya nchi ile ile, kilichoanzwa mwaka 1506. Karne ya 19 wajenzi walikibomoa kipande kwa kipande na kukisimamisha upya ndani ya kanisa kuu jipya. Umbo ni la Firenze kabisa, rangi ni ya Hungaria.

Safari inayonivutia zaidi ni ya Moscow. Ivan wa Tatu alikuwa amemwoa Sophia Palaiologina, mpwa wa mfalme wa mwisho wa Konstantinopoli, aliyelelewa Roma chini ya ulezi wa Papa. Mwaka 1474 kanisa jipya la Kupalizwa, lililokuwa likijengwa ndani ya Kremlin, lilianguka kabla ya kukamilika. Ivan alimtuma mjumbe wake, Semyon Tolbuzin, akatafute fundi Italia. Akarudi na Aristotele Fioravanti wa Bologna, mzee wa miaka zaidi ya 50, aliyekuwa na sifa ya kuhamisha mnara mzima mwaka 1455, ukiwa umesimama, bila kuubomoa.

Fioravanti alifika mwaka 1475. Kwanza aliziangusha kuta zilizobaki kwa gogo lenye kichwa cha chuma lililoning'inizwa na kupigizwa ukutani. Waandishi wa tarehe wa Urusi walishangaa kwamba kilichojengwa kwa miaka 3 kilibomolewa kwa juma moja. Kisha akachimba msingi wenye kina kuliko walivyozoea Warusi. Akafungua tanuru la matofali, akawafundisha kuchoma tofali gumu na refu kuliko lao, na kuchanganya chokaa nzito. Mahali pa boriti za mwaloni akaweka vyuma. Lakini kabla ya kuchora kanisa lenyewe, Ivan alimtuma Vladimir akaangalie kanisa kuu la karne ya 12, kwani kanisa la Moscow lilipaswa kufanana na lile. Fioravanti alikwenda, akatazama, akatii. Kanisa lake, lililofunguliwa mwaka 1479, ni la Kirusi kwa nje, lenye kuba 5 za dhahabu na kuta nyeupe. Ukiingia ndani unakuta nguzo za duara zilizosimama kwa nafasi sawa, na ukumbi mpana usio na giza. Mifupa ni ya Italia, sura ni ya Urusi. Yeye mwenyewe hakurudi kwao. Alipoomba ruhusa, Ivan alimkamata. Mwaka 1485 alikuwa na mizinga ya mfalme katika vita vya Tver, na baada ya hapo jina lake linatoweka katika maandishi. Wataliano wengine walimfuata: Pietro Antonio Solari wa Milano alijenga sehemu ya kuta na minara ya Kremlin ambayo ulimwengu mzima leo unaichukua kuwa alama ya Urusi.

Kraków ilikuwa na bahati nyingine. Mfalme Sigismund wa Kwanza alimwajiri Bartolomeo Berrecci, Mtoskana, ambaye kati ya 1519 na 1533 alijenga ubavuni mwa kanisa kuu la Wawel kikanisa cha kaburi la mfalme, kidogo, cha mraba, chenye kuba ya dhahabu. Mwaka 1518 mfalme huyo alimwoa Bona Sforza, na wapishi, waandishi na mafundi wa Italia wakaongezeka. Berrecci aliuawa mjini humo mwaka 1537. Lakini mbegu iliota kwa namna yake: theluji ya Poland inahitaji paa kali, na mafundi wa huko wakaficha mapaa hayo nyuma ya kuta zenye nakshi zinazoinuka juu ya jengo. Ukumbi wa nguo wa Kraków, uliojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1555, unao ukuta kama huo, na hakuna kitu cha namna ile Firenze.

Ufaransa haikuandika barua. Ilikwenda na jeshi. Septemba 1494 Charles wa Nane alivuka Alps kudai ufalme wa Napoli. Hakudumu huko, ila aliporudi alileta mafundi wa Kiitalia na kuwaweka katika ngome yake ya Amboise, miongoni mwao Fra Giocondo na Domenico da Cortona. Mwaka 1498 mfalme huyo kijana aligonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango mfupi palepale Amboise, akafa siku ile ile. Mafundi wake walibaki. Chambord, iliyoanzwa mwaka 1519 na Francis wa Kwanza, ina ngazi mbili zinazojisokota pamoja bila kukutana, anayepanda asikutane na anayeshuka, na ramani yake imepangwa kwa ulinganifu wa Kiitalia. Inua macho: msitu wa mabomba ya moshi, minara na mapaa yaliyochongoka, Ufaransa tupu.

Jeshi lile lile la 1494 lilikuwa na jambo jingine, na hili lilifika mbali kuliko majumba yote. Mizinga ya shaba ya Wafaransa, iliyovutwa kwa magurudumu, ilivunja kwa saa chache kuta ambazo zamani zilistahimili miezi. Wasanifu wa Italia, wale wale waliokuwa wakichora makanisa, wakageukia ngome. Tatizo la mnara wa duara ni kwamba mbele yake pana sehemu isiyoonekana na askari wa minara ya jirani. Adui akifika hapo yu salama. Jibu likawa buruji ya pembe, iliyochongoka kama mkuki, ambayo kila ubavu wake unaonekana kutoka buruji ya pili. Kuta zikashushwa, zikanenepeshwa, zikajazwa udongo. Ilikuwa jometria ile ile ya baraza ya watoto waliotupwa, sasa ikihesabu njia ya risasi.

Umbo hilo likaenda Malta, ambako Francesco Laparelli alichora mji wa Valletta mwaka 1566, likaenda Uholanzi, na likafika pwani yetu. Mwaka 1580 Philip wa Pili wa Hispania alirithi Ureno pamoja na vituo vyake vyote vya Bahari ya Hindi. Aliyekuwa msanifu wake mkuu wa ngome huko mashariki alikuwa Mmilano, Giovanni Battista Cairati. Yeye ndiye aliyechora Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593. Ilijengwa juu ya mwamba wa matumbawe na kwa mawe ya matumbawe, waashi wakitoka India na vibarua wakitoka Malindi. Buruji zake nne, São Filipe na Santo Alberto upande wa bara, São Matias na São Mateus upande wa bahari, zimepangwa kwa uwiano wa viungo vya mwili wa binadamu, wazo lililomtoka Vitruvius na kupendwa na kila msanifu wa Renesansi. UNESCO iliiweka ngome hiyo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, uwiano huo ukiwa miongoni mwa sababu. Maumivu yaliyopita ndani yake, ya Wareno, Waomani na Waswahili, ni historia nyingine. Hapa natazama mkono uliochora.

Mkono wa Wahispania ulikuwa mzito pia Granada. Mwaka 1527 Pedro Machuca, aliyepata kufanya kazi Italia, alianza kumjengea Charles wa Tano jumba katikati ya Alhambra. Ni mraba wenye ua wa duara ndani yake, nguzo ghorofa mbili, safi kama sentensi iliyokamilika. Sehemu ya gharama ililipwa kwa kodi waliyotozwa Waislamu waliobatizwa, ili waachiwe mila zao. Walipoasi mwaka 1568 ujenzi ulikwama, na jumba likabaki bila paa hadi karne ya 20. Nakubali uzuri wa ua ule. Siwezi kuukubali bila kutazama upande wa pili wa ukuta, kwenye kumbi za Wanasri, wafalme Waislamu walioijenga Alhambra, ambazo jumba hili lilikuja kuzifunika kwa kivuli chake.

Miaka hiyo hiyo vitabu vya kumfaa mwashi vikaanza kufika. Sebastiano Serlio alianza kuchapa vyake Venezia mwaka 1537, kwa Kiitalia cha kawaida, picha zikiongoza na maneno yakifuata: aina 5 za nguzo, kila moja na vipimo vyake. Miaka 2 baadaye Pieter Coecke van Aelst alikichapa kitabu hicho kwa Kiflemi kule Antwerp. Mwashi wa kaskazini ambaye hakuwahi kuona Roma aliweza sasa kununua Roma kwenye karatasi. Aliinunua kwa namna yake: akachukua nguzo, akazipandisha kwenye nyumba nyembamba za wafanyabiashara, akamalizia kileleni kwa ukuta wa ngazi na misokoto ambayo Serlio asingeitambua. Jumba la mji la Antwerp, lililojengwa na Cornelis Floris kati ya 1561 na 1565, lina kifua cha Roma na kichwa cha Flanders. Waingereza nao walipata nguzo zao kupitia vitabu hivyo, wakazibandika kwenye majumba ya kale kama vito.

Mwaka 1570 Andrea Palladio, aliyeanza kazi kama mchonga mawe, alichapa Venezia vitabu vyake vinne. Kila mchoro una vipimo vilivyoandikwa juu yake, na nyumba nyingi zilizochorwa ni zake mwenyewe, zilizosimama tayari kuzunguka Vicenza. Nakala moja ilinunuliwa na Mwingereza Inigo Jones, mchoraji wa maleba na mandhari ya michezo ya ikulu. Mwaka 1613 aliondoka na Bwana wa Arundel kwenda Italia, kitabu mkononi. Alisimama mbele ya majengo mengi yaliyochorwa, akapima, akaandika pembezoni mahali mchoro ulipotofautiana na jiwe. Huko Italia alikutana na Vincenzo Scamozzi, aliyekamilisha majengo ambayo Palladio aliyaacha. Nakala hiyo, imejaa mwandiko wake, ipo hadi leo Oxford, katika Worcester College.

Kitabu na miguu vilikutana kwake. Mwaka 1616 alianza Greenwich nyumba ya Malkia Anne: nyeupe, paa lisiloonekana, madirisha yaliyopimwa, baraza ya nguzo ghorofani. Wasomi wanaihesabu kuwa jengo la kwanza la Uingereza lililofuata kanuni hizo kikamilifu, kuanzia ramani hadi kilele. Malkia alifariki mwaka 1619, kazi ikasimama, ikamalizwa miaka ya 1630 kwa ajili ya Malkia Henrietta Maria. Ngome ya Mombasa, iliyochorwa na Mmilano, ilikuwa imekwisha kusimama miaka 20 kabla jiwe la kwanza la Greenwich halijawekwa.